Maswali ya Wasomaji: Mwarobaini na Vipimo Vyake

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza juu ya mti mmoja, mwarobaini. Hapa Mombasa unaota hata palipo na mawe ya matumbawe, na ni nadra kukosa mmoja karibu na nyumba. Asili yake ni Bara Hindi, na huko waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, wameuandikia kwa karibu miaka elfu mbili. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Assalaam aleikum. Muuzaji mmoja wa miti shamba Marikiti aliniambia kwamba vitabu vya Wahindi vinasema mwarobaini unatibu kila ugonjwa na kila mtu. Ni kweli? — Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam. Si kweli, na anayesema hivyo anawadhulumu waliouandika. Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vitabu viwili ambavyo ndivyo msingi wa Ayurveda, vinauita mti huu nimba na vinauwekea mipaka. Ladha yake ni uchungu uliochanganyika na ukakasi. Nguvu yake ni ya kupoza. Katika hesabu ya Ayurveda, mwili unaendeshwa na mambo matatu: vata, ambayo ni upepo na ukavu, pitta, ambayo ni joto la nyongo, na kapha, ambayo ni unyevu na makohozi. Nimba hutuliza pitta na kapha, lakini huichochea vata. Ukilishika hilo moja, mengine yote utayapima mwenyewe.

Basi unamfaa mtu ambaye shida yake ina joto au unyevu: vipele vinavyowasha na kutoa maji, majipu, vidonda vinavyonuka, homa yenye kiu na kinywa kichungu, minyoo ya tumbo, kichefuchefu cha nyongo. Haumfai mtu mkavu na mwembamba, asiyepata usingizi, mwenye choo kigumu, au ambaye viungo vinamuuma na kulia kwa ukavu. Charaka anaonya wazi kwamba vitu vichungu vikizidi hukausha mwili, hukondesha, huondoa nguvu, na huleta kizunguzungu na ukavu wa kinywa. Wako watu wengi mitaani kwetu wanaokunywa mwarobaini kwa sababu wamechoka na wamekonda. Kwa mujibu wa vitabu hivyohivyo wanavyovisingizia, hao ndio wa kwanza kukatazwa.

Jambo la pili ni sehemu. Wahindi hutumia mti mzima, lakini kila sehemu ina kazi yake. Majani ni ya ngozi na majeraha. Gome la shina ni la homa. Maua ndiyo mapole kuliko yote; huliwa ili kuamsha hamu ya chakula, na katika sikukuu ya mwaka mpya ya Andhra na Maharashtra, mnamo Machi au Aprili, maua au majani machanga hutafunwa pamoja na sukari guru. Vijiti ni vya meno. Mafuta ya mbegu ni ya kupaka, na ndiyo makali kupita yote. Maabara imekuja kuthibitisha kwamba sehemu hizi hazilingani. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga nimbini na viambato wenzake vichungu kutoka kwenye mafuta ya mbegu. Mwaka 1968 azadiraktini, ile inayozuia wadudu kula na kukua, ilitengwa pia kutoka kwenye mbegu. Kwa hiyo mtu akikupa kipimo cha majani usikitumie kwa mbegu, wala cha mbegu kwa gome.

Tena nimba mara nyingi hauendi peke yake. Fungu mashuhuri la Ayurveda linaitwa panchatikta, yaani vichungu vitano, na mwarobaini ni kimoja tu kati ya hivyo. Huchemshwa ndani ya samli, na samli ndiyo inayouzuia ule ukavu tulioutaja.

*Nachemsha majani ya mwarobaini kwenye mafuta ya nazi ili nipake ngozi na nywele. Mara yanaungua na kunuka moshi, mara yanaingia ukungu baada ya wiki moja. Nakosea wapi? — Mama, Majengo*

Mama, makosa ni mawili na yanatokana na jambo moja, maji. Ukiyatia majani kwenye mafuta matupu juu ya moto mkali, unayakaanga: yanaungua kabla hayajatoa kitu. Ukiyatoa mapema kwa kuogopa kuungua, maji ya majani yanabaki ndani ya mafuta na ukungu unapata pa kuanzia.

Ayurveda ina kanuni ya mafuta ya dawa ambayo imetatua yote mawili: fungu 1 la majani yaliyopondwa, mafungu 4 ya mafuta, mafungu 16 ya maji. Maji yanayalinda majani yasiungue, yanayavuta yale yanayoyeyuka, kisha yanaondoka yote kwa mvuke. Kwa chupa ndogo ya nyumbani chukua gramu 50 za majani mabichi, mililita 200 za mafuta ya nazi na mililita 800 za maji safi. Ukitaka mafuta yenye nguvu zaidi, badala ya maji matupu tumia maji yaliyochemshiwa majani mengine ya mwarobaini na kuchujwa.

Chuma majani ya kijani yaliyokomaa, si ya manjano wala yale mekundu ya ncha, na uchume mti ulio mbali na barabara ya magari na mtaro wa maji machafu. Osha, tandaza kivulini mpaka yakauke juu juu. Toa vikonyo, ponda kinuni kwa matone machache ya maji mpaka yawe laini kabisa. Vipande vikubwa ndivyo vinavyoungua. Tumia sufuria ya stili au chungu, usitumie ya aluminiamu, na iwe na kina mara mbili ya mchanganyiko kwa sababu utapanda. Pasha mafuta kidogo, tia majani yaliyopondwa, kisha maji. Moto uwe mdogo wakati wote, makaa machache yaliyoshika. Koroga kwa mwiko wa mti ukigusa chini, hasa mwishoni. Kazi hii huchukua saa 2 hadi 3, na anayeiharakisha huiharibu.

Usitazame saa, tazama dalili. Mwanzoni majani yanakamata mwiko kama tope. Baadaye yanakuwa kama nta. Maji yakiisha, chukua kidogo, kiache kipoe, kisokote baina ya vidole: kikikubali kuwa utambi bila kushika vidole, umekaribia. Kitupe hicho kipande motoni. Kikitatarika, maji yamo bado. Kikiungua kimya, maji yameisha. Dalili ya tatu ni povu. Kwa mafuta, povu hutokea mwishoni. Kwa samli ni kinyume chake, povu hutulia mwishoni. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kuunguza samli yao.

Vitabu vinagawa uivaji mara tatu. Mafuta ambayo majani yake bado yana unyevunyevu kidogo hutumika kwa matone ya pua, ya wastani kwa kunywa, na yaliyokauka zaidi kwa kupaka mwili. Kwa hiyo wewe unayepaka unaweza kuyafikisha kwenye ukavu, lakini majani yakigeuka meusi na yakavunjika kama mkaa, yametoka kwenye dawa, yamwage.

Chuja yangali vuguvugu kwa kitambaa cha melimeli kilichokauka barabara, tia kwenye chupa ya kioo yenye rangi, iliyochemshwa na kukaushwa. Tone moja la maji kwenye chupa linatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Mimina kiganjani, usichovye kidole. Yakiwa yameiva hivyo hukaa miezi kadhaa. Siku za baridi za Julai yakiganda alfajiri ni kawaida ya nazi, maana hushikana joto likishuka chini kidogo ya digrii 24 au 25.

Kabla ya kupaka pote, paka kidogo ndani ya kiwiko na ungoje siku nzima. Na tafadhali usiyachanganye mafuta haya na yale ya mbegu yanayouzwa madukani, mazito, ya kahawia, yenye harufu ya kitunguu saumu. Hayo ya mbegu hayapakwi yakiwa matupu: fungu 1 kwa mafungu 10 ya nazi kwa mtu mzima, na 1 kwa 20 kwa ngozi laini.

*Ni miezi sasa nakunywa bilauri ya maji ya mwarobaini kila asubuhi kusafisha damu. Nina kisukari na nameza dawa za hospitali. Naendelea? — Mzee, Likoni*

Mzee wetu, usiendelee. Ishia hapo ulipofika, acha, na umwambie daktari wako kwamba ulikuwa ukinywa na kwa muda gani, kwa sababu kipimo cha dawa zako huenda kilipangwa sukari ikiwa imeshushwa na vitu viwili. Pima sukari mara kwa mara siku zinazofuata.

Majani ya mwarobaini hushusha sukari ya damu. Yakikutana na vidonge au sindano ya insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, maneno kuchanganyika. Hapo mtu apewe sukari au soda ya kawaida mara moja kama anaweza kumeza, na apelekwe hospitali. Anayetarajia kupasuliwa aache mwarobaini angalau wiki mbili kabla.

Hata kwa mtu asiye na kisukari, bilauri si kipimo. Kitabu rasmi cha dawa za Ayurveda cha serikali ya India kinataja gramu 1 hadi 3 za unga wa majani, au mililita 10 hadi 20 za maji ya majani yaliyokamuliwa. Mililita 20 ni vijiko 4 vya chai. Bilauri ni zaidi ya mara kumi ya hapo, na ingawa maji ya kuchemsha ni mepesi kuliko yaliyokamuliwa, hakuna anayejua majani mangapi yaliingia sufuriani. Na wala mganga wa Ayurveda haandiki nimba kwa miezi bila kikomo. Humpa mgonjwa kwa muda mfupi, humtazama ulimi, choo na usingizi, kisha humsimamisha. Hilo la kunywa kila siku maisha yote hatulioni katika vitabu hivyo.

Figo na ini zina haki pia. Mwenye shida ya kimoja kati ya hivyo asinywe kabisa.

*Mwanangu ana miaka mitatu, amepata tetekuwanga. Bibi yake anataka tumuogeshe kwa mwarobaini na tumnyweshe matone ya mafuta yake. — Mama, Tudor*

Kuogesha, ndiyo. Kumnywesha mafuta, hapana, hata tone.

Tunasema hili kwa uzito. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walitangaza katika jarida la Lancet habari za watoto wadogo waliopewa mafuta ya mbegu ya mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Ndani ya saa chache walianza kutapika, wakalegea na kusinzia, damu ikaingia tindikali, wengine wakapata degedege. Ini na ubongo viliathirika kwa namna inayofanana na ugonjwa wa Reye. Ugonjwa huo wa Reye ndio unaofanya aspirini ikatazwe kwa mtoto mwenye tetekuwanga. Kwa hiyo mtoto mwenye tetekuwanga ndiye hasa asiyepaswa kuyakaribia mafuta hayo. Mwambie bibi yake kwa heshima, na umweleze sababu. Ataelewa, kwa kuwa anachotaka ni mtoto apone.

Kwa kuoga: majani mabichi konzi mbili za mtu mzima, yaoshwe, yachemshwe kwenye lita 2 za maji kwa dakika 10, yafunikwe mpaka yapoe, yachujwe, kisha yaongezwe kwenye beseni la maji ya vuguvugu hafifu. Maji ya moto huongeza muwasho. Mmwagie taratibu, usimsugue, maji yasiingie machoni wala mdomoni, kisha mkaushe kwa kubonyeza kwa kanga laini. Mara moja au mbili kwa siku. Mkate kucha. Muwasho utapungua, lakini virusi vyenyewe vitamaliza siku zao. Homa ikizidi siku nne, vipele vikivimba na kutoa usaha, au mtoto akawa mzito wa kuamka, mpeleke hospitali bila kungoja.

Mama mwingine wa Bombolulu ameuliza juu ya upele ulioenea nyumba nzima, ule wa kuwasha usiku. Hapo kuna kielelezo kizuri kutoka Tamil Nadu, India. Mwaka 1992 ilichapishwa taarifa ya watu 814 wenye upele waliopakwa majani mabichi ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na manjano mabichi, mafungu 4 ya majani kwa fungu 1 la manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Haikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo isichukuliwe kama neno la mwisho, ila ni ushahidi wa maana. Pondeni laini, mpake shingo hadi nyayo baada ya kuoga, kila siku. Kinachowaangusha wengi si dawa. Ni kwamba hupakwa anayejikuna tu. Walio nyumbani wote wapakwe siku moja, na mashuka, kanga na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyohiyo, la sivyo wadudu watarudi. Mtoto mchanga apelekwe kliniki kwanza.

*Jirani ana mti anaouita mwarobaini, lakini maua yake ni ya zambarau. Ni dawa ileile? — Msomaji, Changamwe*

Bila shaka huo ni Melia azedarach, ndugu wa mwarobaini. Ayurveda inaujua na inautenga kwa jina la mahanimba. Matunda yake yana sumu. Yamewahi kuua mifugo na kudhuru watoto. Usichemshe chochote chake.

Tofauti ziko wazi ukizijua. Jani la mwarobaini, Azadirachta indica, lina uti mmoja na vijani vilivyopangwa pande zote mbili, vilivyopinda kama mundu na vyenye meno ya msumeno ukingoni. Jani la Melia limegawanyika mara mbili au tatu: uti mkubwa unatoa viuti vidogo, na vijani viko juu ya hivyo. Ua la mwarobaini ni jeupe lenye harufu ya asali. Tunda lake ni la mviringo mrefu kama zeituni, na kwa kawaida lina mbegu moja. Tunda la Melia ni duara kamili, na vichala vyake hubaki vikining'inia mtini hata majani yamekwisha pukutika.

Tahadhari nyingine ni ya dukani. Kwa Wagujarati mwarobaini ni limdo, na majani ya mchuzi, yale ya karipata, ni mitho limdo. Ukitumwa limdo hakikisha umeuliza ni ipi. Ya mchuzi haina uchungu ule.

*Je, mjamzito anaweza kunywa mwarobaini? — Dada, Mvita*

Hapana. Majani, gome na mafuta vyote viepukwe, kwa sababu vinaweza kuharibu mimba. Wanaotafuta mtoto, mume na mke, waepuke pia. India mafuta ya mbegu yamechunguzwa kwa miaka mingi kama njia ya kuzuia uzazi. Anayenyonyesha asinywe.

*Babu zetu walipigia mswaki kijiti cha mwarobaini. Kuna namna yake au ni kutafuna tu? — Kijana, Mji wa Kale*

Ipo namna, na Sushruta ameieleza kwa urefu. Kijiti kiwe kibichi, kimenyooka, hakina fundo wala tundu la mdudu, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa upana wa vidole 12. Anasema kati ya miti michungu, nimba ndio bora kwa kazi hiyo. Osha, menya gome la ncha kiasi cha nusu ya kidole, tafuna mpaka nyuzi zitawanyike kama brashi. Safisha jino moja moja, kwa kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha, usikwaruze ukipita kwa upana. Nyuzi ngumu zikilazimishwa huuchana ufizi na kuurudisha nyuma. Mate ya uchungu tema. Kata ile ncha ukimaliza, na kesho chukua kipya.

Sushruta pia anawakataza wenye vidonda vya kinywa, ugonjwa wa koo, kikohozi, kwikwi au kutapika wasitumie kijiti mpaka wapone. Sisi tunaongeza: kijiti hakina floridi, kwa hiyo kikitumika asubuhi, dawa ya meno ya kawaida itumike usiku.

*Nina bustani ndogo ya bamia na mchicha. Nasikia Wahindi wa kale walikuwa na elimu ya kutibu mimea. Mwarobaini una nafasi gani humo? — Mkulima, Mwakirunge*

Swali hili limetufurahisha, kwa sababu elimu hiyo haijulikani sana huku. Inaitwa Vrikshayurveda, yaani Ayurveda ya miti. Varahamihira, mnajimu wa karne ya 6, aliitengea sura nzima katika Brihat Samhita, na humo anautaja mwarobaini kati ya miti ya heri inayofaa kutangulia kupandwa bustanini na nyumbani. Karne kadhaa baadaye Surapala aliandika kitabu kizima, na nakala yake ya mkono imehifadhiwa Oxford. Yeye anasema mti nao una vata, pitta na kapha: mti uliokonda na kukauka hautibiwi sawa na ule unaogeuka manjano kwa joto au unaovimba kwa unyevu. Tena anamsifu kwa thawabu mtu anayepanda mwarobaini pamoja na mikwaju na miembe. Miti yote hiyo Mwakirunge mnayo.

Kwa bustani yako, nguvu iko kwenye kiini cha mbegu, si majani. Mwaka 1959 mtafiti Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige Sudan wakitafuna kila kitu na kuuacha mwarobaini, na tangu hapo uchunguzi wa sayansi ya leo ukashika kasi.

Okota matunda yaliyoiva manjano chini ya mti, yangali mapya. Toa nyama yake siku hiyohiyo, osha kokwa, anika kivulini penye upepo mpaka zikauke kabisa. Hapa Pwani unyevu ndio adui: kokwa zikifungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu wenye sumu na hazifai tena. Weka kwenye gunia au kikapu. Ukitaka kunyunyizia, vunja maganda, pima gramu 50 za viini kwa kila lita ya maji. Twanga viwe chenga laini, lakini acha kabla mafuta hayajaanza kutoka. Funga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha, kamua, chuja, kisha yeyusha sabuni ya kipande gramu 2 kwa kila lita ili dawa ishike majani.

Nyunyizia jioni. Jua huivunja azadiraktini haraka, na jioni nyuki wamekwisha rudi. Elekeza chini ya majani, ambako wadudu hukaa. Tumia siku hiyo yote. Iliyolala haina kazi. Rudia kila baada ya siku 7. Usitazamie wadudu kuanguka wakiwa wamekufa asubuhi: wanaacha kula, na wachanga wanashindwa kujivua ngozi, kwa hiyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Wakulima wengi huiacha dawa hii siku ya pili wakidhani imeshindwa. Usimwage mabaki karibu na bwawa la samaki. Na makapi yaliyobaki kwenye kitambaa yafukie kwenye matuta. Hupunguza minyoo ya mizizi, na pia huifanya mbolea ya naitrojeni itoke polepole. India imelichukua hilo kwa uzito kiasi cha kuagiza, mwaka 2015, kwamba mbolea ya urea inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini.

Elimu hii ina wenyewe, na wameilinda. Ofisi ya hatimiliki ya Ulaya iliwahi kutoa hatimiliki kwa dawa ya ukungu wa mimea iliyotokana na mafuta haya. Ilipingwa kwa hoja kwamba wakulima wa India walikuwa wakiitumia tangu zamani. Ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005.

*Malaria? — Msomaji, Mtongwe*

Kapimwe, umeze dawa ya hospitali, umalize dozi. Gome la mwarobaini ni dawa ya homa katika Ayurveda, lakini homa na vimelea vya malaria si kitu kimoja: joto linaweza kupungua huku vimelea vikiongezeka, na kwa mtoto muda huo unaopotea ndio unaoua. Mafuta ya mbegu yana kazi kabla ya ugonjwa. Mililita 2 ndani ya mililita 98 za mafuta ya nazi, yakipakwa miguuni na mikononi kwa mtu mzima, huwafukuza mbu kwa saa kadhaa. Chandarua kibaki palepale.

*Unga wa mwarobaini ninaonunua, nitajuaje kama ni mzuri? — Msomaji, Kongowea*

Uwe kijani cha majani makavu. Wa kahawia umeanikwa juani au umezeeka, na wa kijani cha kung'aa mno umetiwa rangi: weka kidogo kwenye maji baridi, rangi ya kutiwa itatoka mara moja. Uweke kidogo ulimini. Uchungu ufike haraka na ukae. Ukinuka uvundo au ukigandamana kwa mabonge, umekwisha ingia unyevu. Ila majani hayauzwi ghali wala hayako mbali, kwa hiyo tunakushauri uyaanike mwenyewe kivulini kwa siku 4 au 5 mpaka yavunjike kwa vidole, uyasage kidogo kidogo, na usiweke akiba ya zaidi ya miezi 6.